Zélie, Aliyeitwa Grelot

Watu wa Belleville, mtaa wetu wa Paris, wa rika langu wote wanamkumbuka Grelot. Ukimuuliza yeyote atacheka kwanza, halafu atakusimulia habari za kile kitoto cha sinema chenye kofia ya mistari, kilichowamwagia polisi unga kikatorokea kwenye bomba la moshi. "Yule mvulana," watasema, "mtukutu kweli yule." Mimi nilikuwa mshonaji wa mavazi katika studio alikopigwa picha zake, tena tulikaa jengo moja, tukipanda ngazi moja, na mvulana huyo nilimwogesha mara nyingi kwa mikono yangu. Alikuwa msichana. Jina lake Zélie Roubaud.

Baba yake, Gaston, alikuwa mwanasarakasi mpaka siku alipoanguka akavunjika goti. Mama yake, Armande, alifua nguo za watu. Gaston hakujua kazi nyingine duniani ila kuanguka, basi akamfundisha bintiye kuanguka. Alimrusha kutoka juu ya kabati, akamwinua, akamrusha tena, hata mtoto akajua kuporomoka kama gunia bila kuumia. Alikuwa na miaka sita alipoletwa studio. Siku hiyo mwongozaji wetu, Bwana Delorge, alikuwa anatafuta mvulana mdogo wa kutumbukia kwenye pipa la maji, na wavulana wote walioletwa walilia. Zélie alitumbukia, akatoka ametota, akauliza kama arudie.

"Anaitwa nani huyu?" Delorge akauliza.

"Vyovyote utakavyo, bwana," Gaston akajibu.

Basi akaitwa Grelot, yaani njuga. Nywele zikakatwa, akavikwa suruali, na kuanzia siku hiyo akakatazwa kutoka nje akiwa na mavazi ya kike. Picha zake zilipendwa ajabu. Madukani wakauza vikaragosi vyenye kofia yake. Shuleni hakwenda, maana kazi ilifanyika mchana, palipokuwa na jua la kupenya paa la vioo. Kila asubuhi Gaston alimtilia pombe kali kidogo kwenye kahawa. Watu wa sarakasi waliamini kwamba pombe inamzuia mtoto asirefuke. Armande aliona, akaendelea na ufuaji wake. Katika nyumba ile aliyelisha familia alikuwa mtoto, lakini aliyeamrisha alikuwa baba.

Watoto wenzake wa jengo letu walipofika umri wa komunyo ya kwanza, Armande alinijia akiwa ameshika aproni yake.

"Ursule, dada yangu, hata kitambaa cha pazia nitashukuru. Avae gauni siku moja tu."

Nilikuwa na mabaki ya wavu mweupe wa picha ya arusi. Nikashona. Zélie alisimama juu ya meza yangu, mikono ameitanua, hathubutu hata kupumua.

"Mama Ursule, nikianguka nalo litachanika?"

"Siku hiyo huanguki, mwanangu. Siku hiyo unatembea tu."

Sijui nani alipeleka habari. Kesho yake Gaston aliingia kwangu pamoja na Delorge. Delorge hakuwa mtu wa makelele. Alipapasa mshono, akausifu.

"Kazi safi, Ursule. Lakini Grelot havai gauni. Mtoto mmoja tu akimwona kanisani, Paris nzima itajua, na hapo tumekwisha sote, na wewe ukiwemo."

"Mungu hana haraka," Gaston akasema. "Atampokea mwakani."

Zélie alilivua mwenyewe. Alilikunja vizuri, akanipa, akamwuliza Delorge kesho wanapiga picha gani. Gauni lile likaenda kwenye stoo ya studio, na baada ya muda nikaliona limevaliwa na binti mwingine aliyeigiza malaika.

Mwaka huo haukufika. Kiangazi kilichofuata, joto la chini ya vile vioo linachemsha ubongo, alikuwa juu ya ngazi amevaa suruali nyeupe ya baharia, doa jekundu likatokea nyuma. Mpiga picha aliacha kuzungusha mkono wa kamera akaangalia pembeni. Mafundi wa mandhari ndio walioanza kucheka.

"Njuga imepasuka," mmoja akasema.

Nilimshusha nikamfunika kwa koti langu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu chochote maishani mwake kuhusu mwili wake.

"Mama Ursule, nimevunjika ndani," alininong'oneza. "Usimwambie baba. Naweza kumaliza."

Nilimweleza pale pale, nyuma ya turubai lililochorwa bustani. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu: kama jambo hilo litakwisha. Nje Delorge alikuwa ameshawasha sigara.

"Gaston, yule mwanao mdogo ana miaka mingapi?"

Mdogo alikuwa Aubin, ndugu yake Zélie. Wiki haikuisha kofia ya mistari ikapunguzwa, nami ndiye niliyeipunguza. Kwa watazamaji Grelot alikuwa Grelot tu, ila sura yake ilibadilika kidogo. Aubin alikuwa anaogopa kupanda hata kiti, kwa hiyo Zélie akaambiwa amfundishe. Alimfundisha kwa subira kuliko alivyofundishwa yeye. Alijilaza chini ili mtoto aangukie juu yake.

"Ukifika chini legea, Aubin. Ukijikaza unaumia."

"Wewe hukuumia?"

"Sikumbuki."

Fedha alizozileta Zélie miaka ile yote zilinunua nyumba ya matofali kando ya mto Marne, na Gaston akaiandikisha kwa jina la Aubin, kwa kuwa ndiye mwanamume, na kwa kuwa ndiye Grelot. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza wanaume wa studio wakachukuliwa jeshini, milango ikafungwa, na Grelot akaishia hapo. Familia ikahamia Marne. Zélie akaambiwa nyumba haina nafasi. Alibaki Belleville, akalala jikoni kwangu, akafanya kazi kwenye kiwanda cha mizinga.

Baada ya vita alirudi kwenye milango ya kampuni za sinema kuomba kazi yoyote. Uso wake haukumwambia kitu mtu yeyote. Mwishowe akapata kibarua Montreuil, kwenye karakana iliyonunua filamu za zamani kwa uzito, kama vyuma chakavu. Walizitia kwenye magadi ya moto, wakasugua picha zikatoka, wakabaki na utepe mtupu wa kuyeyushwa kutengenezea rangi ya kung'arisha viatu. Magadi yalimla vidole. Siku moja yalikuja makopo ya Grelot. Aliuinua utepe dirishani akajiona, mdogo kama ukucha, ndani ya pipa.

"Vipi, Zélie, umeajiriwa kutazama sinema?" msimamizi akamwuliza.

Akauzamisha. Aliponisimulia jambo hilo alikuwa anamenya viazi, wala kisu hakikusita.

Miaka ikapita, nywele zikaanza kuwa na mvi. Kisha kijana mmoja msomi, Bwana Sérurier, akaanzisha klabu ya kuonyesha picha za kale, akatangaza kwamba ameokota moja ya Grelot. Ile ya kuporomoka ngazi na kuwamwagia polisi unga. Tulikwenda, mimi na Zélie, siku ya Jumapili mchana. Kabla ya kuzima taa Sérurier alipanda jukwaani akasema kwamba Grelot, fahari ya utoto wetu, aliuawa vitani katika miezi ya mwisho, akiwa kijana mbichi. Akaomba tusimame kimya kumkumbuka. Ukumbi mzima ukasimama. Zélie naye akasimama.

Picha ilipokwisha alimfuata Sérurier juu ya ngazi za mlangoni, watu wamemzunguka.

"Bwana, Grelot hakufa vitani. Grelot ni mimi."

Sérurier alitabasamu kwa adabu. "Mama, Grelot alikuwa mvulana."

"Ndivyo walivyotaka."

"Mwaka jana alikuja bwana mwenye mguu mmoja, naye alikuwa Grelot." Watu wakacheka. "Samahani, mama, habari hizi tumepewa na ndugu wa marehemu mwenyewe, Bwana Aubin Roubaud. Ndiye aliyetupa na kofia yake tuiweke kwenye maonyesho."

Nilifungua mdomo nimwambie nani aliyeishona kofia hiyo, lakini Zélie hakuningoja. Alilegea, akajiachia, akaporomoka ngazi zote mpaka barabarani, kichwa kwa miguu, miguu kwa kichwa, akatua ameketi, mikono mapajani. Ilikuwa vile vile ilivyokuwa kwenye picha dakika chache tu zilizopita. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kalewa huyo," mwanamke mmoja akasema, akamvuta mtoto wake.

Sérurier alimwita bawabu atusaidie kuondoka.

Baada ya siku chache Aubin alitutembelea, mtu mzima amenenepa, na keki kwenye boksi. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliketi ukingoni mwa kiti bila kuvua koti.

"Dada, nielewe. Wanataka shujaa. Ukianza kusema ni wewe, wataniuliza mimi nilikuwa nani. Watamchimbua baba, watauliza nyumba ilitoka wapi. Wafu hawaulizwi maswali."

"Nilikufa wapi?" Zélie akauliza.

"Nini?"

"Vitani. Nilikufa wapi? Mwenye nyumba amesikia, ataniuliza."

"Sikutaja mahali."

"Basi hata mahali hukunipa."

Aubin alitazama keki zake, akasema zimetoka duka zuri, zisiwekwe karibu na jiko. Zélie akamshukuru, akamfungulia mlango, akamwambia aangalie ngazi ya tatu, imelegea.