Lumbesa kwenye Raketi ya Domi

Raketi ya kwanza ya tenisi kumilikiwa na mtoto mtaani kwetu Heru Juu ililiwa na mbwa. Haikuvunjwa wala haikuibwa. Ililiwa, uzi baada ya uzi, mchana kweupe, na mbwa wa jirani aliyeitwa Watasema. Kilichobaki ni duara la mbao na mpini wake, na rafiki yangu Domitila amesimama mbele yake kajishika kichwa, machozi yanamtiririka. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akiingoja tangu mvua zianze.

Ninyi mliokulia Kasulu na Kibondo miaka ile hamtashangaa sana. Vijana wa siku hizi ndio wanaohitaji kuelezwa taratibu, maana ukiwaambia raketi imeliwa wanauliza kama ilikuwa ya chokoleti.

Enzi hizo tulikuwa tunakwenda shule asubuhi ukungu umelala juu ya mihogo, mkono mmoja kidumu cha maji, mkono wa pili kuni za mwalimu, na vidole vya miguu vimekufa ganzi kwa baridi. Mpira wetu ulikuwa wa majani ya migomba. Tukirudi tunakuta bugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kesho yake maharage tena, na keshokutwa pia. Mama yangu alikuwa anayauza gulioni, na sisi tulikuwa tunakula yaliyokataa kununuliwa. Mchezo wowote usiokuwa wa kuchota maji aliuita uzururaji. "Jasho lako lilete kitu nyumbani," ndio ulikuwa wimbo wake.

Tenisi ililetwa na Bwana Mifugo. Hilo halikuwa jina lake, ilikuwa kazi yake, lakini sijui kama kulikuwa na mtu mtaani aliyejua jina jingine. Alikuwa mtu wa Tanga, serikali imemleta kutibu ng'ombe wetu, na alikuwa anaongea Kiswahili kilichonyooka hadi kikatutia aibu. Nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe alisawazisha uwanja wa udongo mwekundu, akachora mistari kwa majivu, akatundika katikati wavu wa dagaa aliopewa na wavuvi wa ziwani. Mipira alikuwa nayo mitatu, yote imenyonyoka manyoya. Wazee walikuwa wakipita na majembe yao wanasimama, wanatazama, wanauliza hiyo "laketi" inachekecha unga wa nini.

Watoto wachache alitufundisha, na aliyekuwa hodari kuliko wote ni kaka yangu Kizito. Domitila alikuja mwisho kabisa. Familia yao ilikuwa imehamia kutoka upande wa Munanila, mpakani, na alipoanza kucheza sisi tulikuwa tumekwisha kujiona mabingwa. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mkaidi. Akikosa mpira alikuwa anautukana kwa Kiha, akiupata anauomba radhi.

Basi Bwana Mifugo akatangaza kwamba tutakwenda Kibondo kucheza na watoto wa mwenzake aliyeko kule. Nafasi kwenye pikapu ya kazi zilikuwa chache, na moja tu ilikuwa haijapata mtu. "Domi, nafasi ile yaweza kuwa yako," alimwambia. "Jumamosi nitakurushia mipira. Ukirudisha mingi kuliko utakayopoteza, wapanda gari."

Mimi nilikuwa najua kwamba Domi hakutaka mechi. Dada yake, Godeliva, alikuwa ameolewa Kibondo na amejifungua mtoto wa kwanza. Domi ndiye aliyekuwa amelelewa mgongoni kwa dada huyo. Tangu harusi hawakuwa wameonana, na nauli haikuwepo. Jioni tukiwa tunachambua mboga alikuwa ananiuliza, "Unadhani anafanana na mimi?" Ni huyo mtoto aliyekuwa anamuulizia.

Sasa turudi kwa Watasema. Bwana Mifugo alikuwa amempa Domi fremu kuukuu isiyo na nyuzi, akasema itafutiwe nyuzi polepole. Siku moja katika mazungumzo akataja kwamba nyuzi laini kuliko zote duniani hutengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, ukasafishwa na kusindikwa kiwandani. Kizito akalisikia neno moja tu, utumbo. Akaenda buchani, akaomba utumbo wa mbuzi, akauosha mtoni, akausokota, akauanika, akawamba raketi kama mtu anayewamba ngoma. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini Domi akicheza nzi walikuwa wanamfuata uwanja mzima, na Bwana Mifugo alikuwa anashindwa kurusha mpira kwa kucheka. "Mwanangu, hiyo raketi au supu?" Siku ya tatu Domi akaianika ukutani iondoke harufu. Mengine mnayajua.

Alhamisi ile ile tukaanza kutafuta nyuzi mpya. Tulijaribu kamba ya katani, ikakatika kwa mpira wa kwanza. Tukajaribu vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vya manati. Domi akagusa mpira kidogo tu, ukapaa juu ya josho ukaingia kwenye mihogo ya watu, tukautafuta hadi jua likainama. Kizito akaleta waya wa breki. "Huu haukatiki!" Ni kweli haukukatika. Domi alipiga mipira michache akaushika mkono, akasema kiwiko kinawaka moto, na fremu ikaanza kulia kama mlango wa ghala.

Bwana Mifugo alipopita akautoa ule waya kwa mkono wake mwenyewe. "Waya ni wa mtu mwenye msuli na aliyecheza miaka," alisema. "Huyu ni mgeni wa mchezo. Mpe uzi laini, tena usiukaze mno. Uzi uliolegea kidogo wamsaidia kuusukuma mpira, wala haumuumizi. Ila msilegeze ukawa kama wavu wa dagaa, mpira utakwenda utakako." Akaondoka na pikipiki yake, na hakusema "kidogo" ni kiasi gani.

Uzi tukaupata Ijumaa kwa mama muuza samaki wa migebuka, mshipi wa nailoni wa kuvulia. Nilimsugulia masinia yake yote ndipo akanikatia. Likabaki suala la kukaza.

Hapo ndipo Kizito alipoigeuza fremu akaona kando ya mpini pameandikwa 52 LBS. Akayainamia maandishi kama padri aliyefungua misale ya ibada. Halafu akatuita.

"Njooni msome. L. B. S."

"Ni nini?" Domi akauliza.

"Lum-Be-Sa. Hawa wazungu wamefupisha tu."

Kwa asiyejua, lumbesa ni kipimo kilichojazwa hadi kikafanya mlima juu ya ukingo wake. Kila mtoto wa muuza maharage alikuwa analijua neno hilo kabla ya kujua jina la mkuu wa wilaya.

"Na hamsini na mbili?" nikauliza.

"Wiki. Mwaka mzima haukatiki, mradi ukazwe kwa debe la lumbesa. Imeandikwa!"

"Oya, Kizito," Domi akasema. "Bwana Mifugo kasema usikaze mno."

"Bwana Mifugo ni wa ng'ombe. Aliyeitengeneza raketi ndiye kaandika hapa. Weye unataka kubishana na kiwanda?"

Ufundi wake, lazima nikiri, ulikuwa na akili. Aliifunga fremu kwenye kichanja cha vyombo, akapitisha mshipi tunduni, akafunga ncha yake kwenye mkono wa debe la maharage. Akiliachia debe, linaning'inia na kuuvuta uzi, kisha anachomeka kijiti cha mwanzi tunduni uzi usirudi nyuma, anahamia tundu lingine. Jaribio la uzi wa kwanza lilitoa sauti kali, "ting!" Domi akaugusa kwa kidole. "Ni jiwe," akasema, akakaa chini.

Mama alitoka jikoni akaona maharage yake ya gulio yananing'inia kama mwizi. "Kizito! Unayanyonga yamekosa nini?" Lakini hakuyatoa. Alimtazama Domi pale chini, akarudi jikoni. Giza likaingia, Kizito akaukata uzi wa jaribio, akalisukuma debe ukutani, akasema ataanza upya asubuhi.

Jioni hiyo watu waliingia na kutoka nyumbani kwetu kama kawaida ya wakati ule, siyo kama leo mtu anapiga simu akiwa mlangoni. Bwana Mifugo alikuja kumtazama mbuzi wetu mwenye kwato mbovu, akaomba maji ya moto, akakaa jikoni kitambo. Domi alibaki kunisaidia kutwanga isombe, yaani kisamvu, akaondoka na kapu kichwani lililofunikwa majani. Mama alikuwa ndani na nje. Kizito naye alitoka mara mbili akisema anakwenda kumfukuza Watasema.

Jumamosi asubuhi Kizito akaamka kabla ya majogoo, akaanza kazi. Debe lilikuwa pale pale, mlima wake wa maharage umesimama vizuri. Alilinyanyua na kuliachia, akalinyanyua na kuliachia, nyuzi za wima kisha za mlalo, bila kutoa hata jasho. "Mnaniona?" alikuwa anatamba. "Leo nina nguvu za fahali!" Alipomaliza, akazigonga nyuzi. Hazikusema "ting." Zilisema "tung," sauti nene kidogo, ya kushiba. Kizito akasema nailoni huwa hivyo asubuhi kukiwa na baridi. Hatukubisha, jua lilikuwa limeshapanda.

Uwanjani Domi alifunga pindo la gauni kiunoni. Mpira wa kwanza aliukosa kabisa. Wa pili ukagonga wavu. Wa tatu ukaingia katikati ya nyuzi, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwake. Mpira ulizama kidogo, ukatulia, ukatoka wenyewe kama umesindikizwa, ukapita juu ya wavu ukaangukia ndani ya majivu. Domi akaitazama raketi. Kisha akaacha kuipigia kwa bega zima, akaanza kuusindikiza mpira tu. Mmoja ukatoka nje, mitatu ikaingia. Akaanza kuiomba radhi mipira, kila mmoja. Mwisho Bwana Mifugo alisimama, akajifuta uso, akasema, "Haya, basi. Kamwambie mama yako akupikie mihogo ya njiani."

Domi akakimbia kwao moja kwa moja na raketi mkononi.

Jumapili baada ya ibada Mama akalimwaga debe kwenye mkeka ayapepete maharage yake. Yakatoka maharage ya juu, ya kiasi cha kufunika, halafu yakamiminika magunzi. Debe karibu zima lilikuwa magunzi ya mahindi, makavu, mepesi kama pamba. Ni ule ule ujanja wa wachuuzi tuliofundishwa kuuogopa. Mama akasimama na ungo wake, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akacheka hadi akakaa kwenye mkeka. Maharage yenyewe tukayakuta ndani ya mtungi uliokuwa umefunikwa, hakikupungua kitu.

Kibondo tulikwenda, vumbi la njia limetugeuza wote kuwa ndugu. Domi alifungwa vibaya sana na msichana mmoja mrefu, akatoka uwanjani anacheka, kwa sababu Godeliva alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Hawafanani hata kidogo, mtoto alikuwa mnene.

Siku hizi barabara ya Kasulu ina lami, na mwanangu mwenyewe ameanza tenisi huko tunakoishi mjini. Juzi alinionyesha kwenye simu nyuzi za bingwa fulani, ngumu kama waya, akataka afungiwe hizo hizo na zikazwe sawasawa na za bingwa. Ameshika raketi mwezi mmoja. Nikamwambia mgeni wa mchezo achague nailoni laini na akaze chini ya kilichoandikwa kwenye fremu, maana LBS kumbe ni ratili za kukazia uzi, akanijibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Fundi akamwambia maneno yale yale, akamwamini mara moja, kwa kuwa fundi ana mashine yenye namba za taa. Inavuta uzi kwa kiasi unachotaka, haikosei, na hakuna anayehitaji kubishana, kusugua masinia wala kukesha akiwaza. Raketi inakuwa tayari mtoto hajamaliza soda yake. Nilitoka dukani pale nimeridhika, na nikawakumbuka wote.

Nikawapigia simu kuuliza nani alitia magunzi kwenye debe. Domi anaapa kwamba kapuni alikuwa na isombe tu. Bwana Mifugo, mstaafu sasa, anasema jambo hilo ni la heshima mno kwake kulikana, lakini hakulifanya. Mama ananiuliza, "Magunzi gani?"

Kizito ndiye ananisumbua. Kila gulio yeye ndiye aliyekuwa anambebea Mama debe lile kichwani, na uzito wake alikuwa anaujua kuliko uzito wa vitabu vyake. Asubuhi ile alilinyanyua kwa kila uzi wa raketi nzima, na hakusema neno. Nimemuuliza waziwazi kama ni yeye. Kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, anashikilia kwamba siku ile aliamka na nguvu.