Chumba cha Mama Mkwe Kilikuwa Hakina Harufu

Nianze na kosa lenyewe, msije mkanionea huruma kabla hamjalijua. Niliharibu kahawa ya kikundi kizima cha wanawake, na niliiharibu kwa brashi ya rangi. Kisha nikaulizwa mbele ya watu, nikadanganya. Majina ya watu nimeyabadilisha, na langu sitaliweka.

Mimi ni mtumishi wa serikali, mtu wa Singida. Nililetwa Mbinga kikazi nikaolewa hukuhuku na Mmatengo. Ofisini nashughulika na mafaili, lakini kipaji changu kiko nyumbani: napamba vyumba. Sijasomea. Nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuamini kwamba jicho langu halikosei. Nikikaribishwa kwa mtu, kabla sijaulizwa habari za safari nimeshakihamisha kitanda chake kichwani mwangu.

Nilianza na kwangu. Mume wangu alirudi kazini akakuta kabati limesimama katikati ya chumba, limegawa upande wa kulala na upande wa kuvalia. Akalizunguka, akalala. Ni mtu mpole. Mimi nikahesabu kwamba nimefaulu, nikafungua na ukurasa mtandaoni. Watu wakaanza kuniita mtaalamu, na sikuwakatalia.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi Kitura. Ni mjane, ana nyumba ya matofali ya kuchoma, na shamba lake la kahawa linaanzia nyuma ya jiko. Chumba chake cha kulala kilininyima raha tangu siku ya kwanza nilipokiona. Kuta za chokaa, basi. Hakuna pazia la maana, hakuna kapeti, hakuna kitu ukutani isipokuwa msalaba. Kitanda kimesukumwa kwenye kona, na sehemu kubwa ya chumba imekaliwa na magunia ya kahawa juu ya chaga za mbao. Tena kilikuwa hakina harufu yoyote. Si ya sabuni, si ya moshi, si ya mafuta ya kujipaka. Nikaona mama wa watu analala stoo, na hakuna mtoto hata mmoja anayejali.

Pale ningeuliza swali moja tu, leo nisingekuwa naandika. Mama hakuwa analala stoo kwa bahati mbaya. Kikundi chao kinakusanya ile kahawa nzuri, iliyochambuliwa punje kwa punje, na kumuuzia mnunuzi ambaye haichukui mpaka ionjwe. Wenzake ndio waliomchagua yeye aitunze. Kahawa iliyokaushwa hunywa harufu ya chochote kilicho karibu nayo, na kwa ajili hiyo mama alikuwa amekinyima chumba chake kila kitu. Hata mafuta alijipakia sebuleni. Kila Mmatengo aliyekulia kwenye kahawa anajua hili tangu utotoni, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kuniambia. Kwetu Singida tunaweka alizeti chumbani, na alizeti haijali unajipulizia nini.

Mwaka jana, katika ile baridi ya Julai, dada yake mama alilazwa hospitali kule Litembo. Mama akaenda kumuuguza. Mume wangu alikuwa Dodoma kwenye mafunzo. Funguo za nyumba mama akaniachia mimi, akaniomba niwe napita kutazama, kuku wasiingie ndani. Alichosema ni kuku tu. Mimi nilisikia kwamba hatimaye nimepewa chumba.

Nikaomba likizo fupi. Kwanza nikateremka hadi Mbamba Bay, maana nilikuwa nimeona kwenye simu chumba kilichotundikwa wavu wa kuvulia juu ya kitanda, nikaona hicho ndicho mama anachokosa. Ufukweni nikampata mvuvi mmoja mzee, akakubali kuniachia wavu wake mkuukuu. Akataka kujua naenda kuvua nini huko milimani. Nikamweleza kwamba ni wa kupamba chumba cha mama mkwe. Akanitazama kidogo, akaniuliza kama tumegombana.

Kitura nikafanya kazi. Ukuta wa kichwani mwa kitanda niliupaka rangi ya mafuta, damu ya mzee, na kwa kuwa ilikuwa nzito nikaizimua kwa mafuta ya taa. Kuta tatu zilizobaki nikazipaka rangi ya maziwa. Madirisha nikayafunga, kwa sababu baridi ilikuwa kali na sikutaka vumbi linate kwenye rangi mbichi.

Magunia ndiyo yaliyonisumbua akili. Kuyatoa nje sikuthubutu, ni mali ya watu. Nikayapanga vizuri chini ya dirisha, nikayafunika kwa shuka jipya, nikaweka mito juu yake, yakawa benchi la kupumzikia. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko nyingine. Wavu nikautundika juu ya kitanda. Ulikuwa bado unanuka usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo nikaupulizia manukato ya waridi. Harufu ya usipa haikutoka. Nikamalizia kopo lote.

Mama alirudi kwa bodaboda mwisho wa wiki, amechoka. Nilimsubiri mlangoni na simu imewashwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia afumbe macho, nikamwongoza kwa mkono mpaka chumbani. Alipofumbua alikuwa kwenye kizingiti. Alivuta pumzi mara moja tu, machozi yakaanza kumtoka.

Jamani, nilirekodi yote! Jioni ileile nikairusha kwenye ukurasa wangu na maneno kwamba mama mkwe amelia kwa furaha. Watu walifurahi mno. Mmoja aliandika kwamba kila mama anastahili mkwe kama mimi, nikamshukuru.

Mama alikuwa ameniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti yake ya kawaida. "Umepaka lini, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba tangu Jumatatu. Nikaona midomo yake inacheza, anahesabu. Akanishukuru, akasema nimejichosha sana. Kisha akaondoa mito kwenye benchi langu, mmoja mmoja, akaiweka kitandani, akaanza kuburuta magunia kuyatoa nje. Nami nikamsaidia kuburuta! Nilidhani anataka nafasi ya kukifaidi chumba chake. Akaimwaga kahawa kwenye vichanja akaianika upya, kahawa iliyokuwa imeshakauka zamani, na kila mara akawa anachota kiganjani na kuinusa. Mimi nikarudi mjini roho kwatu.

Majibu ya waonjaji wa mnunuzi yalikuja Jumapili moja nikiwa Kitura. Baada ya misa wanawake wa kikundi walikaa uani kwa mama, mimi nikawa jikoni natengeneza chai. Mwenyekiti wao, Mama Eufrasia, akawaambia kahawa imekataliwa. Itauzwa pamoja na ile ya kawaida, na mwakani mnunuzi atafikiria kama anarudi. Kwa jinsi alivyoelezwa kwenye simu, waonjaji walikuta ladha ya rangi, halafu maua, halafu samaki. Kwenye samaki walibishana wenyewe kwa wenyewe, ikabidi waonje tena.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaelewa yote kwa mkupuo, na yale machozi nikayaelewa pia.

Uani wakaanza kuulizana nani alianika karibu na nini. Macho yakaanza kumwendea Mama Kolumba, ambaye mumewe ni fundi rangi. Akasema taratibu kwamba makopo ya mumewe hayajawahi kuvuka mlango wa nyumba yao, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Nilimwona vizuri kabisa kutoka mlangoni mwa jiko. Hata hapo sikufungua mdomo.

Mama mkwe akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka nilale pazuri kabla sijafa. Nikapaka rangi chumba, kahawa ikiwa ndani. Mke wa mwanangu nilimtuma tu, akafanya nilichomtuma."

Mama Eufrasia akanigeukia mimi. "Ni kweli, mwanangu?"

"Ndiyo," nikasema.

Kisha nikamimina chai. Hiyo ndiyo dhambi ninayoiungama hapa. Rangi ulikuwa ujinga, na ujinga nimeshajisamehe.

Hakuna aliyemtukana mama. Walimpa pole, wakanywa chai, wakaaga kwa heshima. Wiki iliyofuata kahawa iliyobaki ya msimu ilihamishiwa kwa Mama Kolumba. Nikajifariji kwamba mama amepunguziwa mzigo, sasa atapumzika.

Hakupumzika. Tangu baba mkwe afariki, ile kazi ya kutunza kahawa ndiyo iliyokuwa inamletea watu. Kila mwanamke aliyeleta ndoo yake aliketi, alikula viazi, alisimulia ya nyumbani kwake, na mama alijua habari za Kitura nzima bila kutoka uani. Siku hizi wanapita barabarani na ndoo zao kichwani, wanamsalimia kwa mbali. Anaitikia, halafu anaingia ndani. Nimekaa naye mchana mzima asije mtu hata mmoja. Inaniuma kuliko nitakavyoweza kuandika.

Video niliifuta. Ukurasa wenyewe nikaufunga. Mume wangu nilimwambia ukweli wote, na hakunigombeza. Aliniuliza tu mkono wangu ulikuwaje wakati ule nikimimina chai. Nikamwambia ulitulia tu. Akatoka nje.

Nikaona heri nikubali aibu. Nilikwenda kwa mama nikapiga magoti, nikamwambia Jumapili inayokuja nitasimama mbele ya kikundi niseme. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Usiseme," akaniambia. "Mimi ni wa hapa. Wamenikasirikia, watachoka. Wewe ni wa kuja. Wewe wangekukumbuka kwa hilo mpaka uzeeke."

Nikamwambia kwamba si haki abebe kosa langu.

"Nimeshalibeba. Ukisema leo, wenzangu watajua niliwadanganya nikiwa nimesimama uani kwangu. Kazi nimekosa. Usininyang'anye na neno langu."

Nikamwomba basi angalau niikwangue ile rangi. Akasema harufu itakwisha yenyewe, na yeye ameshaizoea. Na mimi nikashukuru! Niliondoka pale moyo mwepesi, napanda bodaboda natabasamu. Nafuu ile ndiyo ninayoionea aibu mpaka leo.

Kwa hiyo nyinyi wenye jicho kama langu, mnaoingia kwa watu mkaona ukuta mtupu mikono ikawawasha, muulizeni kwanza mwenye chumba kwa nini hakuweka kitu. Atawajibu, wala haitachukua muda. Na mkishaharibu, semeni siku ileile, mbele ya watu walewale, hata kama midomo inatetemeka. Mkichelewa mtakuta mtu anayewapenda ameshaliita kosa lenu kuwa ni lake, na hakuna tena njia ya kumpokea mzigo huo bila kumvunjia heshima.

Wanawake wa Kitura hawana neno na mimi. Wananisifu kwa wageni kwamba nilimtii mama mkwe hata pale alipokosea. Juzi Mama Eufrasia alikuja nyumbani kwangu mjini na mkungu wa ndizi. Mama mkwe amejitoa kwenye kikundi, akasema, na wamekaa wakaona nafasi yake nipewe mimi.

Nimeipokea.