Uzi Mwekundu Ndani ya Kitabu cha Majibu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila mzazi kijana anaponiuliza swali uliloniuliza wewe jana: nichague mtaala gani wa hesabu kwa watoto ninaowasomesha nyumbani? Ni siku niliyotega uzi mwekundu ndani ya kitabu, nimnase mtoto wangu mwenyewe. Kaa nikusimulie, kisha jibu lako nitakupa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tuliishi ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, ghorofa ya tisa, mimi, Baba Salma na binti yetu Salma, mwenye miaka kumi. Nilikuwa mtu wa shaka. Ugenini kunafunza hivyo: karatasi usiyoielewa, unadhani imeandikwa ikudhuru. Salma alikuwa hajui jedwali la kuzidisha, na mwalimu wake akaniambia kwa upole kwamba kila mtoto ana mwendo wake. Upole ule ukanitia wasiwasi. Nikasema, hawa wameshamkatia tamaa mwanangu. Nikaandika barua, nikamtoa shuleni.

Mimi nilifanya kazi mchana katika nyumba ya kulelea wazee. Baba Salma alikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege; akirudi asubuhi analala kidogo, kisha mchana yuko na mtoto. Basi nikapanga: kusoma na kuandika nitafundisha mimi jioni, hesabu atafundisha yeye. Aliniambia tangu uchumba wetu kwamba alimaliza kidato cha nne. Nilipompa habari ya mpango huo aliitikia tu, "Sawa, Mama Salma," akaenda kuchemsha chai.

Katika jengo letu alikaa mama mmoja wa Tanga, Bi Mwanaidi, aliyekwisha kusomesha wanawe watatu nyumbani. Tulikutana chumba cha kufulia, akaniletea vitabu vya aina mbili, akavitandaza juu ya meza ya kukunjia nguo. Aina ya kwanza ilimtaka mzazi akae chini na mtoto, wakate karatasi, wapange vijiti, wabishane mpaka waelewe wote wawili. Ya pili ilikuwa mazoezi matupu, ukurasa baada ya ukurasa, na pembeni kitabu cha mzazi chenye majibu yote.

"Mimi ningechukua hiki cha vijiti," akasema. "Lakini mlete baba yake avione. Si ndiye atakayefundisha?"

Mwanangu, neno lile lilinichoma. Nikajiuliza, huyu anataka kumwona mume wangu kwa nini? Anapeleleza nini nyumbani kwangu? Na vitabu vya vijiti vilikuwa vyake vya zamani, nikaona labda anatafuta pa kuvitupia tu. Nikachukua vile vya mazoezi. Nitakwambia ukweli, kwa kuwa nasaha bila ukweli ni kelele: sikuvichagua kwa sababu ya hesabu zake. Nilivichagua kwa sababu ya kitabu cha majibu. Nacho ningeweza kumkagua kila mtu.

Kitabu kile nikakiweka juu ya kabati. Wiki mbili za kwanza Salma alikosa nusu ya maswali. Ya tatu akakosa mawili. Ya nne hakukosa hata moja. Mama mwingine angeshukuru Mungu, mimi nikaanza kunusa moshi. Nikachukua uzi mwekundu wa kushonea, nikaulaza katikati ya kurasa za majibu, nikaenda kazini.

Niliporudi, uzi ulikuwa sakafuni.

"Salma, umenakili majibu?" Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hakunakili. "Kitabu amekifungua nani, basi?" Nikauliza mara tatu, asimtaje mtu. Nikalichana daftari lake vipande viwili mbele ya macho yake, nikamnyima kwenda mji wa jirani, Brampton, kwenye sherehe ya Idi ya binamu zake, sherehe aliyoingoja mwezi mzima. Nilijiambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nikamtazama usoni, nikamshuku na yeye: hawa wawili wana siri.

Na kweli walikuwa nayo.

Siku tatu baadaye homa ya kuambukiza iliingia kule kazini, baadhi ya wafanyakazi tukarudishwa nyumbani saa sita mchana. Ningeweza kubisha hodi kama mtu mwema. Nikafungua mlango polepole, nikavua viatu vyangu vya theluji, nikanyata hadi kwenye pazia la sebuleni.

Baba Salma alikuwa ameketi sakafuni, kalamu mkononi, akiandika juu ya kipande cha boksi. Salma alikaa juu ya kochi, na kitabu cha majibu kilikuwa mapajani mwake.

"Nusu ongeza theluthi," akasema mume wangu taratibu. "Mbili juu ya tano."

"Hapana, Baba. Wewe umejumlisha ya chini tena." Mwanangu, Salma alikuwa anasema Kiswahili, kile nilichodhani hana! "Usijumlishe ya chini. Fikiria chapati. Kata vipande sita. Nusu ni vingapi?"

"Vitatu."

"Theluthi?"

Akafikiri sana. "Viwili. Basi... tano juu ya sita?"

Salma akachungulia kwenye kitabu, akapiga makofi. Mume wangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhamie nchi ile.

Nilipojitokeza, kicheko kilikatika. Salma alikificha kitabu nyuma ya mgongo wake, na kitendo kile kiliniuma kuliko yote.

"Sikumaliza kidato cha nne," Baba Salma akasema, bila kuinuka. "Niliacha darasa la tano, baba alipofariki. Nilikudanganya nikitaka unikubali. Uliponipa hesabu nifundishe, nilikuwa siwezi. Huyu ndiye aliyegundua, akasema atanifundisha."

"Ukaacha nimchanie daftari?"

Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Hilo ni kosa langu, sina la kujitetea."

Salma naye alikuwa ameahidi kutosema, akaitunza ahadi yake mpaka ikamgharimu sikukuu. Mtoto wa miaka kumi alikuwa na uaminifu kuliko sisi wazazi wake. Na majibu yake hayakukosea kwa sababu kila alichojifunza alikuwa anakifundisha.

Kesho yake nilimwendea Bi Mwanaidi nikilia. Alinisikiliza akikunja shuka, kisha akasema, "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Kitabu ulikikagua kurasa zote, mwenzangu. Mumeo hukumuuliza hata swali moja." Hakuongeza lingine. Akanipa vitabu vya vijiti.

Tulikaa chini watatu siku zangu za mapumziko, na siku nyingine wao wawili mchana. Usidhani kila kitu kilirudi sawa. Karibu mwaka mzima Salma alikuwa akiandika huku ameziba daftari kwa mkono nikipita. Nilimwomba radhi kwa maneno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu kibovu, nikakubali kungoja. Baadaye alirudi shuleni, akaingia sekondari, hesabu zake zikawa za wastani tu. Baba yake ndiye aliyezipenda.

Basi jibu lako, mwanangu. Usianze na kitabu. Anza na atakayekaa karibu na mtoto kitabu kikifunguliwa: anajua nini, anaona haya gani, ana muda kiasi gani. Muulize kwa kinywa, mbele yake, na umfanye asiogope kukujibu, maana mficha uchi hazai. Ukiona jambo la kutia shaka, sema, "Nina shaka, nieleweshe." Usitege. Na mtaala unaokuvutia kwa sababu tu utakuwezesha kuwanasa wenzio, urudishe ulikoutoa.

Mungu akupe jicho la kuona kabla ya kushuku, na ulimi wa kuomba radhi mapema. Wanao wakue bila kuficha madaftari yao, na nyumbani kwako asiwepo mtu anayeona aibu kusema, "Hili silijui." Amina.