Kiganja cha Chaki

"Aluoch, na hizo mvi zako, shule unaenda kutafuta bwana?" jirani yake Eddah alimuuliza siku moja pale mtaani Gatwekera, na wapangaji wa ploti nzima wakacheka. Aluoch alijifunga mjukuu mgongoni, akashika njia ya chuo cha watu wazima Kawangware, maana huko kulikuwa na mtu ambaye hakuwahi kumcheka. Huyo, mkuu wa masomo ya jioni, aliyeyasimamia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa na mazoea yake: kila mama akiitwa ubaoni, yeye huinuka, humpokea mtoto, humpigapiga mgongoni kwa mkono uliojaa chaki, akinong'ona, "Polepole, mama, hakuna anayetufukuza." Hata sokoni ungewajua akina mama wa darasa lake kwa kiganja cheupe kilichobaki kwenye leso ya kubebea mtoto.

Siku ya kumuaga mkuu alipostaafu, mwaka wa tisini na sita, Aluoch ndiye aliyechaguliwa kusoma Zaburi mbele ya wageni. Alisimama, mjukuu akaanza kulia, akabaki kumbembeleza badala ya kusoma. Eddah, aliyekuja kujionea, akainamisha macho. Mkuu akaondoka kwenye kiti cha heshima, shada la maua shingoni, akampokea mtoto. Aluoch akasoma mpaka mwisho, sauti ikipanda kama ya mhubiri, na vigelegele vikatikisa mabati. Cha Eddah ndicho kilichotangulia. Mkuu alipoulizwa angependa zawadi gani, hakufikiri sana.

"Ukuu nimeuacha," alisema. "Lakini Jumatatu mniruhusu nije nishike watoto."