Jina Lililobaki Jandoni

Kwetu mwanaume akitoka jando anapewa jina jipya, na lile la utotoni linabaki huko huko. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando umemtukana, tena tusi la kupigana. Mama yangu mwenyewe, aliyenichagulia jina lile, hajalitamka tangu nilipotoka.

Ndiyo maana tovuti moja ya kutafutia kazi iliponiuliza swali la siri la kulinda akaunti, jina lako la utotoni ni lipi, nilicheka peke yangu. Nani angelijua? Nikaliandika. Wakataka na namba ya mtu wangu wa karibu, nikaweka ya mama.

Halafu wakavujisha taarifa zetu. Barua pepe yao naikumbuka kwa kinyaa mpaka leo. Eti baadhi ya taarifa huenda zimeonekana na wasiohusika, eti usalama wangu ni kipaumbele chao. Usalama gani, nyie? Hata pole hawakuijua. Nilisonya mpaka mke wangu akauliza kama nimekanyaga mwiba.

Siku ile ile, nyumbani Ufukoni, nilibadilisha nywila zote. Kila akaunti nikaipa ya kwake, ndefu, isiyofanana na nyingine. Nikawasha uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akiijua nywila adaiwe namba inayoingia kwenye simu yangu. Vifaa nisivyovitambua vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti zangu nikavifukuza. Nikajiona mjanja kweli. Nywila zilibadilika, lakini jina halibadiliki, na hilo sikuliwaza.

Haukupita muda mama akanipigia kutoka kijijini, upande wa Ziwani. Akasema neno moja tu, njoo, akakata. Nilipanda bodaboda roho mkononi.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Salamu yangu aliipokea shingo upande, na ilibidi nimbembeleze ndipo asimulie. Mtu alimpigia kwa namba ngeni, akadai yeye ni mwanawe na simu yake imeibiwa. Alipoona mama anasitasita, akajitambulisha kwa jina lile la utotoni. Kisha akaomba asomewe namba iliyoingia muda huo kwenye simu ya mama kwa meseji. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti ya mtandaoni ambayo mama anaitumia kuongea na ukoo mzima, mpaka shangazi zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Wezi wangeipata, wangewaibia wote hao kwa kinywa cha mama.

"Ukamsomea?" nikauliza.

"Nimsomee nini? Mwanangu hawezi kujiita jina lile. Nikajua ni mwizi."

Nilishusha pumzi, nikataka hata kucheka. Lijizi limepata siri yetu, na siri hiyo hiyo ikalinasa. Lakini mama hakuwa na kicheko. Alitema mate pembeni, akajifuta midomo kwa upindo wa kanga. Jina alilonichagulia nikiwa bado tumboni lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu asiyemjua, tena kwa ulaini, kwa sauti ya kudeka. Mijitu mingine haina haya kabisa, na walioiachia mlango wazi wakanitumia barua ya adabu hawana nafuu.

"Jina nililokupa mimi," akasema mama, "wewe ulimpa nani?"

Tovuti? Swali la siri? Kila neno lilinuka kabla sijalitoa. Nikamwomba simu nimwekee ulinzi, namba ya siri ambayo akaunti yake itaidai kabla ya kufunguka kwenye simu nyingine yoyote. Aliniangalia nikibonyeza mpaka tukafika pale pa kuandika namba yenyewe. Akanyoosha mkono wake wenye utomvu wa mihogo, akaichukua simu.

"Geuka huko," akaniambia.

Nikageuka, nikatazama ukuta mpaka alipomaliza.