Bi Asmaa na Fomu ya Walowezi

Bi Asmaa alikuwa mkunga wa jadi Mbekenyera kwa miaka hamsini. Usajili wa vitambulisho vya taifa ulipofika kijijini, akajikuta na kazi ya pili ambayo hakuiomba. Watu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi mtendaji wa kijiji, Habibu, akawa anamwita awatolee ushahidi: huyu kazaliwa hapa hapa, mwaka ule wa njaa, tena alitanguliza miguu.

Wiki nzima akawapitisha watu hivyo. Siku ya mwisho akaja na maombi yake mwenyewe.

"Bibi, umezaliwa wapi?" akauliza Jeremia, afisa uhamiaji.

"Msumbiji."

Jeremia akaweka kalamu chini. "Uliingia nchini kwa kibali gani?"

"Kwa mgongo wa mama. Tulivuka Ruvuma tukiwakimbia Wareno."

Habibu akakohoa. Kila mtu alijua Bi Asmaa ni Mmakua, ila Wamakua wako ng'ambo zote mbili za mto, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni wa ipi.

Jeremia akamweleza kwa adabu kwamba kisheria yeye ni mhamiaji mlowezi, yaani mgeni aliyeingia zamani bila kibali akabaki. Ipo fomu yake, nayo inataka shahidi anayemfahamu tangu zamani.

"Walioniona nikija wako makaburini," akasema Bi Asmaa. "Waliobaki nimewazalisha mimi."

Ikabidi ashuhudie Habibu.

"Unamfahamu tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Mlikutana wapi?"

Habibu akamtazama mkunga, mkunga akatazama dari. "Nyumbani kwa mama," akasema.

"Usiku wa mvua," akaongeza Bi Asmaa. "Alikuwa mzito huyu."

Jeremia akaandika: wanafahamiana vizuri.

Fomu ikapokelewa, lakini Bi Asmaa alirudi nyumbani amenuna. Kwenye mikutano ya kijiji ni yeye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote kuhusu wageni, maana yake wafugaji wa Kisukuma waliohamia juzi na ng'ombe wao. Na Rahabu, mke wa mfugaji mmojawapo, alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa kutoka Kanda ya Ziwa. Alipita kwa afisa kwa dakika tano.

Jioni Rahabu akabisha hodi na kibuyu cha maziwa.

"Ya nini haya?" akauliza Bi Asmaa.

"Nimesikia kuna mgeni, bibi. Nimekuja kumkaribisha."

Bi Asmaa akamkazia macho. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha akae.