Watoto Wawili Waliozaliwa Mezani

Mjini kwao kila mtu alimwita Fundi Kufuli, na hata mkewe, akitaka kumtania, alimwita hivyo hivyo. Kibanda chake cha kuchonga funguo kilibanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, na humo alishinda na tupa mkononi, mpole, mwenye maneno machache. Maneno yalimtoka haraka mahali pamoja tu: mtu akimuuliza mkewe habari za watoto.

Walikuwa wameoana miaka mingi. Hospitali walizizunguka mpaka wakachoka, kisha jioni moja wakakubaliana kuacha, wakaacha. Watu hawakuacha. Harusini, msibani, kwa mawifi, swali lilikuwa lile lile, na Fundi alizoea kulidaka kabla halijamfikia mkewe. "Bado tunajipanga," alisema. Mkewe aliinamia sahani yake, na Fundi aliamini amemkinga.

Kwa hiyo mkewe alipomletea tangazo la matembezi ya meli, siku nne baharini, Fundi alikunja uso. Picha ilijaa watoto.

"Hii si ya familia?"

"Kwani sisi ni nini, kwaya?" mkewe alijibu. Alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na likizo aliijua kwa kuisikia. "Nimeshakata tiketi. Funga kibanda."

Meli kweli ilikuwa ya familia. Watoto walikimbizana kwenye korido, walijazana kwenye lifti na kubonyeza vitufe vyote. Kwenye sitaha ya juu bomba refu la rangi ya chungwa lilijizungusha mara tatu na kuwatema bwawani mmoja mmoja, wakipiga kelele. Mkewe alisimama kulitazama. Fundi akamshika kiwiko.

"Twende upande ule, kuna kivuli."

Kutwa nzima alimwongoza hivyo, akiwakwepa watoto kama mtu anayekwepa madimbwi.

Chakula cha jioni hakikukwepeka. Walipangiwa meza moja na mama mmoja mcheshi, mumewe aliyekuwa akisinzia, na mapacha wao wa kike, wa miaka kama saba. Mama Pacha alikuwa hajakaa vizuri alipomgeukia mke wa Fundi.

"Na nyinyi wenu mmewaacha na nani?"

Fundi akalidaka.

"Na bibi yao."

Mwenyewe hakujua jibu hilo limetoka wapi. Mkewe aliweka uma chini.

"Wangapi?" Mama Pacha akauliza.

"Wawili."

"Raha yenu. Wakubwa?"

"Wa... wastani."

Mapacha wakataka kujua kama watoto hao wanaweza kuogelea. Fundi akasema mkubwa anaweza, mdogo anaogopa maji. Mpaka matunda yanaletwa, mdogo alikuwa ameshaugua pumu.

Chumbani mkewe alivua hereni polepole.

"Hebu nieleze. Hawa watoto uliowazaa mezani, uchungu wao mimi niliupata lini?"

"Sikutaka wakusumbue."

"Na huyu wa pumu tumemtupia bibi, tukaja kuogelea. Wazazi gani sisi?"

Fundi akacheka kidogo. Alipoyaona macho ya mkewe, kicheko kikamfia mdomoni.

"Miaka yote unanijibia," mkewe alisema. "Unanijibia kana kwamba nimeiba kitu na wewe ndiye wakili wangu. Mimi sioni aibu. Aibu ni yako, umenivika mimi. Umewaleta wewe, uwaondoe wewe. Usipowaondoa, nitakula meza nyingine, na tukirudi nyumbani nitaendelea kula meza nyingine." Akazima taa. "Lala, baba watoto."

Asubuhi Mama Pacha alikuwa wa kwanza mezani.

"Mmepiga simu? Mdogo kaamkaje?"

Fundi alisukuma kikombe pembeni.

"Hatuna watoto," alisema. "Jana niliongopa. Hatukujaliwa. Na mke wangu hakunituma niongope."

Mume wa Mama Pacha akaamka kabisa. Mama Pacha akasema, "Jamani, poleni." Pacha mmoja akamtazama mke wa Fundi na kuuliza, "Sasa kama huna watoto, huku umekuja kufanya nini?"

"We mtoto," mama yake akamfinya.

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Fundi. Akachukua kipande kizima cha mkate, akakijaza mdomoni.

Mkewe akamtazama anavyotafuna. Kisha akamgeukia mtoto.

"Nimekuja kuteleza. Lile bomba nililiona kwenye tangazo, likaninyima usingizi. Jana kila nikilisogelea, huyu mzee ananivuta kivulini."

"Baada ya chai foleni inakuwa ndefu," pacha akasema. "Twende sasa hivi."

"Ngoja nimalize yai."

Ndivyo Fundi alivyojikuta juu ya ngazi, watu wote kwenye foleni wakimfika kiunoni. Mkewe alikuwa ameshatumbukia bombani, na sauti aliyoitoa humo Fundi hakuwahi kuisikia tangu amuoe.

"Babu, unaenda au huendi?" mtoto wa nyuma akauliza.

Chini, mkewe alikuwa amesimama majini, kichwa kimelowa chepechepe, akitazama juu.

"Shuka, Fundi," akaita. "Ila sikudaki."

Fundi akaketi kwenye mdomo wa bomba, akaachia mikono.